Naomba ushauri: wanafunzi wa udaktari wajifunzeje kusimulia?

Habari zenu wakuu. Nafundisha wanafunzi wa udaktari. Juzi tulikwenda kliniki ya watoto kijijini kuelimisha kuhusu kuhara. Kijana wangu akaanza na "vimelea" na "upungufu wa maji mwilini". Kina mama wakaendelea na soga zao. Bibi mmoja akasimama, akasimulia mjukuu wake alivyolegea, macho yameingia ndani, wakamnywesha ORS (dawa ya unga inayochanganywa na maji, ya kurudisha maji mwilini) kijiko kwa kijiko mpaka akalia tena. Kimya! Ndipo maswali yakaja: pakiti moja maji kiasi gani? Lita 1. Vidonge vya zinki siku ngapi? 10 hadi 14.

Natamani sana wanafunzi wangu wasimulie vile. Mliowahi kufundisha hili, mlianzia wapi? Na kisa cha mgonjwa kinasimuliwaje bila majirani kumtambua?