Kuipeleka Middle-earth mezani: uchawi unaimaliza safari kabla haijaanza

MsimuliziTabata
Habari za jioni wadau. Tunacheza D&D (Dungeons and Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu) toleo la tano kila Jumamosi usiku kwa dada yangu, Tabata Segerea. Tuko watano, dadu la pande 20 ni moja, tunapokezana. Mwaka huu niliwaahidi dunia ya Tolkien, yaani Middle-earth ya vitabu vya The Lord of the Rings. Nimeandika kijitabu cha kurasa 38, ramani nimechora kwa mkono, kopi nimetoa Mwenge.

Kikao cha tatu kimenivunja moyo. Walitakiwa kuvuka mlima wa theluji huku chakula kinaisha. Mchawi akarusha tufe la moto, maadui chali. Kasisi akasali, chakula na maji vikatokea. Majeruhi wakalala usiku mmoja, asubuhi wazima kabisa. Nilichoandaa wiki mbili kikaisha kama umepanda mwendokasi Kimara ukashuka Kivukoni. Kwenye vitabu vya Tolkien njia ndiyo inayomla mtu, nami naipenda dunia ile kwa sababu hiyo hasa.

Nipunguze nini bila kuwanyang'anya wachezaji wangu raha? Halafu watu wanaomba kopi za kijitabu, jamaa mmoja anasema tuuze elfu tano tano. Inafaa?

BintiKigamboni
Pole kaka. Kuna waliokutangulia. Mwaka 2016 Cubicle 7 walitoa Adventures in Middle-earth kwa kanuni hizohizo za toleo la tano, wakaondoa aina zote za wahusika warushao uchawi. Safarini kila mmoja ana kazi yake: kiongozi wa njia, mpelelezi, mwindaji, mlinzi. Mwindaji akikosea dadu, wote wanalala njaa. Kuna na alama za Kivuli: ukitenda uovu au ukikaa mahali palipolaaniwa zinakuingia, na kuzitoa si kazi ndogo.

Ila mimi ningeanza na usingizi, uchawi baadaye. Ukiwa njiani hupati mapumziko marefu (usingizi ule unaoponya majeraha yote) mpaka ufike mahali salama, basi. Jeraha la Jumatatu unalibeba hadi Ijumaa. Kanuni hiyo moja itakurudishia mlima wako.

Fundi_Kanuni
Kuuza usithubutu, mkuu. Miaka ya 1970 wenye D&D wenyewe walilazimika kufuta neno hobbit, watu wafupi wa Tolkien, ndiyo maana leo tuna halfling; ent, miti yake inayotembea, akawa treant. Kanuni za msingi ziko huru: Januari 2023 SRD 5.1 (hati ya kanuni hizo) iliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, unaweza hata kuuza kazi yako ukitaja chanzo. Lakini huo ni uhuru wa kanuni, haugusi majina ya Tolkien. Leseni ya michezo ya kuigiza wahusika ya dunia ile sasa wanayo Free League wa Sweden. Chezeni nyumbani, kijitabu kibaki mezani kwenu.

Mpwani
Ukitaka cha kuuza, mchukue Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani. Muhamadi Kijumwa aliandika utenzi wake mwaka 1913, na kisa chenyewe ni cha zamani zaidi, hakina wa kuombwa leseni. Tazama kilivyokaa kimchezo: silaha haimuui, isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni. Kwa hiyo pointi za uhai hazina kazi, kazi ni kuipata siri, na anayetumwa kuitafuta ni mwanawe. Gerezani analetewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, anakata minyororo huku ngoma za nje zikifunika sauti. Na kufa anakufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji. Msimulizi gani atakosa cha kufanya na kisima hicho?

MsimuliziTabata
Asanteni sana. Nilimpigia mchezaji wa mchawi mapema, tukakubaliana awe mwanazuoni ajuaye mitishamba. Jana tumetumia kanuni ya usingizi. Mlima umechukua saa tatu na nusu. Mwindaji alikosea mara mbili, wakagawana mkate mmoja, na dada yangu akampa majeruhi kipande chake chote bila mimi kumwambia kitu. Meza ilinyamaza.

Kuuza nimeacha. Mpwani, mkate wenye tupa umeninyima usingizi. Una nakala ya utenzi yenye maelezo ya maneno ya Kiamu (lahaja ya Lamu)? Kimvita nakipata kidogo, Kiamu kinanishinda.