Talaka katika Mahakama ya Milimani, Nairobi: fleti ina jina la mume, karo na chakula vililipwa na mke. Mali hugawanywa vipi?

Wa_Donholm
Hamjambo nyote. Namuulizia dada yangu, nanyi wenye ujuzi naomba mnifafanulie hatua kwa hatua.

Ndoa ya serikali, ilifungwa 2012. Watoto wawili. Wametengana miaka miwili na miezi minne sasa; yeye na watoto wamebaki kwenye fleti ya Donholm. Fleti ilinunuliwa 2016 kwa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara wa mume, na hati ina jina la mume peke yake. Kuna ploti Ruai ambayo mume aliinunua 2009. Mwaka 2018 vilijengwa hapo vyumba sita vya kupangisha, na sehemu ya pesa ilitoka kwenye mkopo wa Sacco (chama cha akiba na mikopo) ambao dada ndiye aliyeulipa. Kuna gari, na kila mmoja ana akiba yake ya Sacco. Miaka yote hiyo dada alilipa karo, chakula, stima na mshahara wa yaya.

Aanzie wapi? Ni kweli kwamba Katiba inampa nusu? Na tumesikia mume anatafuta mnunuzi wa ploti.

Wakili_wa_Familia
Ndugu, kwanza atenganishe mambo matatu ambayo watu huyarundika pamoja. Talaka ni ombi kwa hakimu, Milimani. Mali ya ndoa ni kesi nyingine yenye faili yake, na ikithaminiwa zaidi ya shilingi milioni 20 ni lazima iende Mahakama Kuu, Kitengo cha Familia. Malezi na matunzo ya watoto ni ya Mahakama ya Watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Hakimu wa talaka akishavunja ndoa hajagawa hata kijiko. Wengi hupata amri ya talaka wakadhani wamemaliza, na mali inabaki vilevile ilivyokuwa.

Ndoa ya serikali huvunjwa chini ya kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 2014. Sababu ni uzinzi, ukatili, upotovu uliokithiri, kutelekezwa kwa angalau miaka mitatu, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Kutengana miaka miwili kamili ni mojawapo ya mambo yanayoonyesha kwamba ndoa imevunjika hivyo, kwa hiyo dada ana pa kusimama. Kukubaliana tu kwamba "tumechokana" hakumo kwenye orodha ya kifungu hicho.

Kuhusu nusu: si haki ya moja kwa moja. Ibara ya 45(3) ya Katiba inawapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani yake na inapovunjika. Lakini Mahakama ya Juu iliamua tarehe 27 Januari 2023 kwamba usawa huo haumaanishi kila mmoja anaondoka na asilimia 50. Kila mtu athibitishe mchango wake. Kinachosahaulika ni kwamba katika kesi hiyohiyo nyumba na vyumba vya kupangisha viligawanywa nusu kwa nusu, kwa sababu mchango wa mke ulithibitika.

Sasa fleti. Ni makao ya familia, kwa hiyo ni mali ya ndoa chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, jina liwe la nani. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikaandikwa jina la mmoja, kifungu cha 14 kinachukulia kwamba anamshikia mwenzake amana, mpaka athibitishe vinginevyo. Na neno "mchango" katika kifungu cha 2 linajumuisha kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara au mali ya familia, kazi ya shamba, hata kule kuwa mwenzi na mwandani. Karo na chakula alivyolipa ndivyo vilivyouacha mshahara wa mume huru kulipa benki. Hoja hiyo iandikwe waziwazi kwenye kiapo chake (maelezo ya maandishi anayoyaapia), kwa tarehe na viwango. Jaji hatakisia kwa niaba yake.

Ploti ya Ruai ni ngumu zaidi. Ardhi iliyonunuliwa 2009 ilikuwa ya mume kabla ya ndoa, na kifungu cha 5 kinaiweka nje ya mali ya ndoa. Ila kifungu cha 9 kinasema mwenzi aliyechangia kuiboresha anapata haki kulingana na mchango wake. Kwa hiyo dada asidai ploti nzima. Adai thamani ya vyumba sita na kodi yake. Anayedai kila kitu hupoteza imani ya jaji hata pale anapostahili.

Karani_Mstaafu
Niongeze ya masijala ya mahakama, ofisi inayopokea na kutunza faili, maana huko ndiko faili nyingi hukwama.

Nairobi kesi huwasilishwa kwa mtandao tangu Julai 2020. Ombi huambatana na kiapo cha kulithibitisha, nakala ya cheti cha ndoa, taarifa ya kila shahidi na orodha ya hati. Cheti kikipotea, aombe nakala iliyothibitishwa kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, kabla ya kuwasilisha chochote.

Makosa niyajuayo: Ombi linasema "alikuwa mkatili" bila tarehe wala tukio. Hakimu anataka lini, wapi, kilitokea nini, nani aliona. La pili, hati haimfikii mume ipasavyo. Mfikishaji hati aliyeidhinishwa ndiye anayeipeleka, kisha anaapa jinsi alivyoifikisha. Barua pepe na WhatsApp zinakubalika siku hizi, lakini lazima ionyeshwe kwamba namba ni ya mume na ujumbe ulipokelewa. Kiapo hicho kikiwa na kasoro, hata mume asipojibu kesi haiwezi kusikizwa kama isiyopingwa, na ikisikizwa hivyo, mume anaweza kuja baadaye akaomba hukumu ifutwe.

Akishinda, hutolewa kwanza amri ya muda ya talaka, kisha amri ya mwisho baada ya kipindi anachokitaja hakimu, mara nyingi siku 30. Amri ya mwisho isipochukuliwa, ndoa haijaisha. Nasisitiza hilo kwa yeyote anayepanga kuoa au kuolewa tena.

Faili ya mali huenda ikapelekwa kwa upatanishi wa mahakama. Muda wake ni siku 60, na makubaliano yakitiwa sahihi yanaandikwa kuwa amri ya korti. Aende na hesabu mkononi, asiende na uchungu peke yake.

Wa_Donholm
Asanteni sana. Swali la ushahidi: karo alilipa kwa M-Pesa na benki, lakini chakula na yaya vingi ni pesa taslimu. Tena mume anamwambia ahame kwa kuwa fleti si yake.

Wakili_wa_Familia
Asihame. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinakataza mwenzi kufukuzwa kwenye makao ya ndoa wakati ndoa ingalipo, isipokuwa kwa amri ya korti. Kukiwa na vitisho au kipigo, kuna Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015; korti inaweza kumwachia yeye na watoto nyumba.

Ushahidi: aombe shuleni taarifa ya akaunti ya kila mtoto, inayoonyesha nani alilipa na lini. Sacco itoe taarifa ya mkopo wa 2018, na taarifa ya benki ionyeshe pesa zile zikitoka kwenda kwa fundi na duka la vifaa vya ujenzi. Huo mfuatano ndio unaounganisha mkopo na vyumba vya Ruai. Taarifa ya mkopo peke yake inathibitisha tu kwamba alikopa. Yaya anaweza kuandika taarifa ya shahidi. Pesa taslimu zilizotolewa benki kila mwisho wa mwezi kwa kiwango kinachofanana zinaeleza jambo pia.

Chochote kilichochapishwa kutoka simu au kompyuta, iwe M-Pesa, WhatsApp au picha, kiambatanishwe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Nakala zisizo na cheti hupingwa, na zikikataliwa mchango wa miaka kumi unabaki maneno matupu.

Ploti haiwezi kungoja talaka. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinamruhusu kuomba tamko la haki zake katika mali hata ndoa ikiwa bado ipo, ingawa mgawanyo wenyewe hungoja talaka. Ndani ya shauri hilo aombe kwa dharura amri ya kuzuia mauzo.

Mthamini_Eastlands
Kabla ya hapo afanye utafutaji wa hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni, ajue ploti imesajiliwa kwa nani. Kama kuna hatimiliki, anaweza kuomba liandikwe zuio, lile mawakili wanaloliita kosheni. Mume atajulishwa na anaweza kuomba liondolewe, kwa hiyo linanunua muda tu mpaka amri ya korti ipatikane. Lakini ploti nyingi za upande huo zina cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi, hazina hatimiliki. Hapo zuio la ofisi ya ardhi halina pa kuandikwa. Barua ya wakili iende kwa kampuni yenyewe mara moja, na amri ya korti ikitoka ifikishwe kwao pia.

Kuhusu thamani, atumie mthamini aliyesajiliwa, na ripoti ya Ruai itenge thamani ya ardhi tupu na thamani ya majengo. Ripoti yenye jumla moja haimsaidii, maana anachodai ni majengo.

Kwenye fleti, benki hutangulia. Mfano wa hesabu: fleti ikithaminiwa milioni 9 na mkopo uliobaki ni milioni 3.4, kinachogawanywa ni milioni 5.6. Korti ikisema 60 kwa 40, mmoja ana milioni 3.36 na mwingine 2.24. Anayetaka kubaki na nyumba humlipa mwenzake sehemu yake, na benki lazima ikubali kubadilisha mkopaji. Benki hukagua mshahara wake upya, na wengi huangukia hapo. Aulize benki kabla ya kukubali chochote kwenye upatanishi.

Uhamisho wa mali kati ya waliokuwa wanandoa kutokana na suluhu ya talaka hautozwi kodi ya faida ya mtaji. Wakiiuza kwa mtu wa nje, kodi ni asilimia 15 ya faida.

Binti_Eastleigh
Kwa wanaosoma wakiwa na hali nyingine: Waislamu wakiwa pande zote na wakikubali mamlaka yake, huenda kwa Kadhi, na sheria ya 2013 inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Waliooana kimila huweza kutakiwa kupitia usuluhishi wa wazee kwanza.

Waliokaa pamoja bila ndoa wasikate tamaa. Siku ileile ya 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikataa kuwatambua wawili kama wanandoa, lakini ikawagawia mali 70 kwa 30 kulingana na walivyochangia.

Wa_Donholm
Nimeelewa. Jumatatu anaenda shuleni na Sacco kuchukua taarifa, nami ninafanya utafutaji wa hati ya ploti ya Ruai. Dada hana pesa za kumlipa wakili kwa sasa.

Wakili_wa_Familia
Aende FIDA Kenya au Kituo cha Sheria, mashirika ya msaada wa kisheria, abebe cheti cha ndoa na kitambulisho. Amwambie yule wa mapokezi kwanza kabisa kwamba kuna mali inayotafutiwa mnunuzi, ili faili yake isiwekwe kwenye foleni ya kawaida.