Tuliosoma vyuo vya nje: tupeane uzoefu wa kuelewana na wenyeji

#1
Habari zenu wakuu. Wadogo zetu wengi wanaojiandaa kwenda nje wanaamini wakipata alama nzuri za IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, suala la mawasiliano limekwisha. Bado kabisa. Kwenye sehemu ya kuzungumza unakaa na mtahini mmoja dakika 11 hadi 14, anauliza, anakusubiri ujibu. Kwenye semina hakuna wa kukusubiri. Wenzangu walikuwa wanadakiana maneno bila hata kunyoosha mkono, na mimi nimelelewa kumwacha anayeongea amalize. Nikishapanga hoja yangu, mada imeshahama. Kilichoniuma ni mhadhiri kuandika kwenye tathmini kwamba sijisomei, wakati makala zote nilizisoma na daftari limejaa maelezo hadi pembezoni. Nilimfuata ofisini nikamfungulia lile daftari. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa. Tangu hapo akawa anatutumia maswali siku moja kabla, na si mimi peke yangu niliyeanza kuchangia. Nyie mlikutana na nini?

#2
Kazi za kikundi! Darasani tunakubaliana hivi, jioni nakuta kwenye kundi la WhatsApp wamebadilisha kila kitu, tena kwa vifupisho na misimu yao ya mtaani. Niliomba kila kikao kikiisha tuandike nani anafanya nini na mwisho lini. Walikubali palepale. Wengi hawana roho mbaya, hawajui tu kwamba umeachwa nyuma.

#3
Profesa kutaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Mdomo uligoma. Kwa wanaoenda: angalieni jina analomalizia kwenye baruapepe anazokuandikia, hilo ndilo mtumie.

#4
Mialiko je? Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia, alieleza mwaka 1960 kwamba mshtuko wa utamaduni unatokana na kupoteza ishara ndogondogo tulizozoea, mojawapo ni kujua lini uichukulie kauli ya mtu kwa uzito. Ndicho kilichonikuta. Mwanafunzi mwenzangu kila tukiagana: "Lazima tuonane wikiendi." Naacha mambo yangu, nasubiri simu, kimya. Upweke ule sikumwambia mtu. Siku hizi mtu akisema hivyo namuuliza hapohapo, Jumamosi au Jumapili, saa ngapi? Aliyedhamiria anataja saa.