Mrejesho: makalio kuuma na ganzi ya mikono kwenye baiskeli ya resi

Wakuu nimerudi, ni mimi niliyewauliza kuhusu makalio kuuma, vidole kufa ganzi na goti kuuma kwa mbele kwenye baiskeli ya resi.

Siti ilikuwa chini mno kama mlivyosema, nikaegemea ukutani nikaweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, nikapandisha siti mpaka mguu ukanyooka nikakaza hapo hapo, sasa nikikanyaga kwa mbele ya unyayo goti linabaki limekunja kidogo na yale maumivu yamekata. Alafu pua ya siti ilikuwa imeinama, ndo maana nilikuwa nateleza mbele uzito wote unaishia viganjani, nimeiweka usawa na ganzi imepungua sana ila nikikaza viwiko inarudi, so navilegeza na kubadilisha mshiko mara kwa mara.

Taiti yenye sponji kumbe inavaliwa bila chupi, duh, mshono wa chupi ndo ulikuwa unachubua! Upepo wa tairi nimepunguza kidogo tu, mtikisiko afadhali.

Shingo bado inakaza safari ikiwa ndefu, mwenye dawa ya hiyo atiririke.