Siku 6 mfululizo baharini bila bandari, mnazitumiaje?

Upepo_wa_Kusi:
Habari zenu wakuu. Mimi na mama yangu tunapanda meli ya kitalii mwezi wa 10, safari ya siku 14 kutoka Ulaya, tunakata Atlantiki mpaka Karibiani. Sasa nimeangalia ratiba nimekuta siku 6 za katikati zimeandikwa "baharini" basi, hakuna kushuka. Mama kafurahi, anasema hizo ndo siku zenyewe, mimi nimezoea kutembea na kuona vitu naogopa ikifika siku ya tatu nitakuwa nimeshaichoka meli. Waliowahi naombeni mniambie siku kama hiyo inaendaje toka asubuhi mpaka usiku, na nifanyeje nipumzike kweli maana mwaka huu kazi imenimaliza. Alafu mama akiyumbishwa kidogo tu roho inamchafuka, na kabini bado hatujachagua.

Sitaha_ya_7:
Mkuu msikilize mama. Nimekata Atlantiki njia hiyohiyo, na leo wakiniambia nichague siku moja ya kurudia sichagui bandari hata moja, nachagua siku ya nne baharini. Nasema ya nne kwa sababu zile za mwanzo mwili bado una haraka ya nchi kavu, unaamka unajiuliza umechelewa wapi, unashika ile karatasi ya ratiba wanayokuletea kabini unataka uhudhurie kila kitu, dansi, mihadhara, mashindano ya maswali, jioni umechoka kuliko siku ya kazi. Siku ya tatu niliiacha kitandani nikatoka mikono mitupu.

Siku yangu ilikuwa hivi. Naamka kabla jua halijatoka, nachukua kahawa, nashuka kwenye ile sitaha ya kutembelea inayozunguka meli. Mnaenda magharibi, kwa hiyo jua linachomoza nyuma, we kasimame tezi, mkiani mwa meli. Saa hiyo hakuna watu, unasikia maji tu na mngurumo wa injini chini ya miguu, na ule mstari wa povu unanyooka nyuma mpaka unapotelea. Jioni unahamia mbele, jua linazama usawa wa omo, ile ncha ya mbele. Nilikaa pale siku zote 6 na hakuna machweo mawili yaliyofanana.

Saa 6 mchana nahodha anaongea kwenye spika, anasema tuko wapi, tunaenda kasi gani, hali ya hewa na kina cha maji. Siku moja alisema chini yetu kuna zaidi ya mita 4,000, nikaenda kushika reli nikatazama chini muda mrefu sana. Nilibeba ramani ya karatasi, kila akitaja mahali naweka alama kwa kalamu. Meli ikienda maili 20 za bahari kwa saa, ndani ya saa 24 mmemaliza maili 480, karibu kilomita 890, na wewe umelala, umekula, umesoma kurasa 60 za kitabu. Hapo ndo nilianza kuelewa ukubwa wa bahari, kwenye ndege huwezi kuupata.

Mchana bwawani kunajaa, watu wanawekea viti mataulo toka alfajiri, usigombanie. Tafuta upande wenye kivuli kwenye sitaha ya chini, lala na kitabu, ukiinua macho utaona samaki wale wenye mapezi kama mbawa wanatoka kwa makundi wanateleza hewani juu ya maji. Ukiwa na bahati pomboo pia.

Bi_Demani:
Mwanangu mie nijibu la mama. Kabini chukueni ya katikati ya meli na sitaha za chini, maana meli inacheza kama ubao wa bembea, ncha ndo zinapanda na kushuka, katikati pametulia. Meli kubwa zina mapezi pembeni chini ya maji yanayopunguza kuyumba kushoto kulia, lakini mawimbi yakija kwa mbele pua itanyanyuka tu. Roho inachafuka kwa sababu sikio la ndani linasikia mwendo wakati macho yanaona ukuta umetulia, kwa hiyo akianza kujisikia vibaya mtoe nje, atazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, na kitabu na simu aweke pembeni kabisa. Tangawizi inawasaidia wengi. Dawa zipo ila muulizeni daktari kabla hamjasafiri, hasa kama anatumia dawa nyingine, na nyingi zinafanya kazi vizuri ukimeza kabla hujaanza kuumwa, ukishatapika umechelewa. Nyingine zinaleta usingizi lakini siku ya baharini hiyo haina neno.

Na jua jamani. Njia ya kusini mtakuwa na pepo zinazovuma toka kaskazini mashariki, ndo zilimpeleka Columbus mwaka 1492, zinakuja nyuma yenu. Upepo wa nyuma na mwendo wa meli vinakatana, sitahani panatulia kabisa, unaungua vibaya. Upepo ukiwa wa mbele nao unakudanganya, unahisi baridi kumbe ngozi inaiva. Kofia na mafuta ya jua kila siku.

Kamba_na_Nanga:
Naomba nitofautiane kidogo na Sitaha_ya_7. Kuacha kila kitu hakumfai kila mtu, mimi siku ya pili bila chochote mawazo ya kazini yalirudi yote. Kilichonisaidia ni kuchagua kitu kimoja, kimoja tu, cha saa ileile kila siku. Kulikuwa na kwaya ya abiria, mazoezi saa 4 asubuhi siku za baharini peke yake, siku ya mwisho tukaimba mbele ya watu. Saa moja ile ilinipa sababu ya kuamka na marafiki ambao mpaka leo tunaandikiana, na muda uliobaki wote nikawa na amani nao.

Upepo_wa_Kusi:
Asanteni sana, kumbe kuna mengi. Vipi kuhusu saa na intaneti?

Sitaha_ya_7:
@Kamba_na_Nanga nimekubali, hata ile alama ya saa 6 kwenye ramani ilikuwa ndo kamba yangu ya kushikilia kila siku.

Saa: kila mkisogea nyuzi 15 za longitudo magharibi saa inarudi moja nyuma, mpaka mnafika mtakuwa mmerudisha 4 hadi 6 hivi, inategemea mnatokea bandari gani. Yaani siku kadhaa zinakuwa na saa 25 na hiyo saa unaipata usiku, ndo maana kwenda magharibi watu wanashuka wamelala vizuri, anayerudi mashariki ananyang'anywa. Saa ya simu usiitegemee, fuata ya meli. Na simu iweke flaiti modi mkitoka bandarini, meli ina mtandao wake wa satelaiti, ikijiunga yenyewe bili inashangaza. Waifai nunua kama lazima. Mimi sikununua, niliaga watu kabla.

Usiku mpeleke mama juu mbele. Taa za huko wanazipunguza kwa sababu walio zamu kwenye chumba cha usukani wanahitaji giza waone mbele, kwa hiyo zoesheni macho dakika 20 bila kuwasha simu. Kama hakuna mwezi mtaona ule mkanda wa nyota umekatiza anga yote mpaka chini kabisa kwenye maji, pande zote.

Upepo_wa_Kusi:
Nimemsomea mama yote. Kabini tumechukua sitaha ya 4 katikati, na nimeangalia kalenda, mwezi mwandamo unaangukia siku yetu ya pili baharini. Ramani ya karatasi naitafuta wiki hii.