Oili chafu imezama ardhini: nimwage hii "sabuni ya bakteria"?

Mpangaji Mstaafu: Wakuu, habari za wakati huu. Nimenunua kiwanja Tabata, zamani palikuwa gereji. Kule nyuma walikomwaga oili chafu udongo ni mweusi tii, mvua ikinyesha maji hayanywei. Kisima cha jirani hakiko mbali. Kuna kijana ananiuzia madumu ya "sabuni ya bakteria", eti nikimwaga tu oili inaliwa yote. Nimpe hela au naingizwa mjini?

Povu la Maabara: Mkuu, kitu chenyewe kipo. Bakteria aina ya Bacillus subtilis hutoa surfaktini, na Pseudomonas aeruginosa hutoa ramnolipidi, zote mbili hufanya kazi kama sabuni. Surfaktini kidogo tu hushusha mvutano wa uso wa maji (nguvu inayoshikanisha uso wake) kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi kama 27, oili ikakatika vitone vidogo ambavyo bakteria wanaweza kuvifikia. Ila sabuni haili oili, inaibandua tu. Ukiibandua pasipo wa kuila, inashuka na maji. Na huko chini kuna kisima cha watu.

Mama Mchicha: Si bora Omo basi 😂

Povu la Maabara: Omo nayo ingebandua, dada, hatari ya kisima ni ile ile. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta Alaska mwaka 1989, ufukweni walinyunyizia pia mbolea ya naitrojeni na fosforasi, bakteria wa pale pale wakapata nguvu. Kwako wamo tayari. Chimba ule udongo mweusi, utandaze juu ya turubai zito, unene usizidi shubiri. Changanya samadi iliyooza na maranda, uwe na unyevu bila kutota, ugeuze kila wiki, ufunike mvua ikija. Ni kazi ya miezi, tena lami lami nyingine itabaki.

Spana 17: Nyongeza. Oili ya injini ina zinki, na ya zamani huwa na risasi. Madini hayaliwi na bakteria yeyote. Usipande mboga hapo kabla hujapeleka sampuli maabara. Halafu muulize huyo kijana ni bakteria gani: Pseudomonas aeruginosa hushambulia vidonda, si wa kushika mikono mitupu.

Mpangaji Mstaafu: Nimemuuliza. Kanijibu "wa Ujerumani". Turubai la mita ngapi litatosha?