Miezi mitatu ya kazi, leo naitwa "mtu wa rangi" mbele ya wageni!

Wakuu, mimi ni mbunifu wa kurasa na vitufe vya programu za simu. Natoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka. Nisipoandika hapa nitapasuka.

Yule mheshimiwa, bosi wangu, mnamjua. Yule wa saa kubwa kama mfuniko wa sufuria, kila neno kwake ni "spidi, spidi". Leo walikuja wageni wenye hela zao. Nikasimama kuonyesha programu ya mama lishe kupokea malipo kwa simu. Sijafika hata ukurasa wa pili, akanikata: "Huyu ni mtu wetu wa rangi tu, twendeni kwenye mambo ya msingi."

Mtu wa rangi! Mbele ya wageni! Kama nimeokotwa barabarani na brashi na kopo!

Miezi mitatu nimeshinda Tandika, nimekula moshi mpaka mto wa kulalia unanuka kuni. Kuna mama alikuwa anakanda unga wa chapati, simu kioo kimepasuka, mwanga kaushusha mpaka chini ili chaji ifike jioni, na jua la saa saba linawaka. Mteja kalipa, mama anabonyeza kwa kifundo cha kidole maana vidole vyote vina unga. "Thibitisha" akaikosa mara nne. Ya tano akagusa "Futa", vilikuwa vimepakana. Akaniambia, "Mwanangu, hiki kitu chako hakinitaki."

Sikulala. Nikavitenganisha vitufe, nikavikuza. Google wenyewe wanashauri kitufe cha Android kisipungue dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa wa vitu kwenye skrini). Maandishi nikayakoleza, kwa sababu miongozo ya kimataifa inataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma usiwe chini ya 4.5 kwa 1. Nikarudi kwa mama yule yule: akabonyeza mara moja, akaendelea kukanda. Hiyo ndiyo rangi?

Na hakuishia hapo. Akatoa simu akawaonyesha alichotengenezewa na akili mnemba jana usiku: maandishi ya kijivu juu ya cheupe, vitufe vimebanana kama abiria wa Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni. "Dakika mbili tu!" Wageni wakapiga makofi. Makofi, wakuu! Mimi nimesimama na waya wa projekta mkononi.

Nilianzia kwenye Flash, teknolojia ya michoro inayotembea kwenye tovuti, ikazikwa mwisho wa 2020. Nikahamia InVision, zana ya kutengeneza mifano ya kurasa za programu, nayo ikafungwa mwisho wa 2024. Kila zana mpya najifunza usiku kwa bando langu, na sijawahi kulalamika. Lakini mtu wa RANGI?

Bundi wa Temeke: Siti ya mbele. Nani ana karanga?

Kaka Mkubwa: Huyo namjua! Kwetu alikuwa anatuita "vijana wa mapambo". Pole sana mkuu.

Jiwe Gizani: Uzi mrefu hivi, na pale kikaoni ulijibu nini?

Mleta uzi: Koo lilikauka. Mbele ya wageni ningesema nini? "Mtu wetu wa rangi tu." Ile "tu" ndiyo inanichoma.

Jiwe Gizani: Kwa hiyo hukujibu kitu. Umekuja kutupigia kelele sisi.

Mkesha Kodi: Nyie wabunifu nanyi mmezidi. Mnachora kitufe kinateleza, kinang'aa, kinapumua, halafu mnakuja Alhamisi na toleo linatoka Ijumaa. Anayekesha ni sisi waandika kodi za programu.

Mleta uzi: Changu hakitelezi. Ni kikubwa, basi. Kaa na yule mama siku moja utanielewa.

Dada Nembo: Afadhali wewe una mshahara. Mimi nimemchorea mwenye saluni nembo, marekebisho 19, mwisho kaniambia atanilipa kwa kunisuka bure mwaka mzima. Kodi ya nyumba nitailipa kwa rasta?

Kaka Mkubwa: Mimi kuna mchungaji alitaka bango la mkesha, akasema malipo nitayakuta mbinguni.

Bundi wa Temeke: Dada Nembo, saluni hiyo iko wapi? Mke wangu anatafuta msusi, wa huku kapandisha mpaka 40,000.

Dada Nembo: Mbagala Rangi Tatu. Lakini anavuta nywele, kichwa kinauma siku mbili.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Mbele ya WAGENI.

Bundi wa Temeke: Wa Rangi Tatu anasuka hata Jumapili?